Niliposhindwa Kujisomea, Nilimsomea Mwingine

Ukimwambia mtu kwamba huna raha, usingizi umekuruka na moyo unakwenda mbio bila sababu, hatakosa kukushauri: tafuta kitabu usome, utatulia. Ushauri huo ni mwema, na mimi mwenyewe huutoa. Ila kuna jambo unaloliruka. Hofu ikishakolea, huanza kwa kukunyang'anya huo uwezo wenyewe wa kusoma. Macho yanateleza juu ya mistari, ukurasa unafika mwisho, na ukijiuliza umesoma nini huna la kujibu. Unarudi juu, unaanza upya, na ukifika mstari wa tatu mawazo yameshatoka nje.

Nililijua hili vizuri mwaka 2020. Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa Uviko-19 sasa ni janga la dunia nzima, na baada ya hapo mambo yakafuatana haraka. Kazi yangu ilisimama. Ndugu yangu wa karibu alilazwa kwenye wodi isiyoruhusu wageni, na habari zake tulizipata kwa simu, mara moja kwa siku, tena kwa maneno machache. Nimekuwa msomaji tangu utotoni. Vitabu vilikuwepo kando ya kitanda, vimepangwa, vinanisubiri, na sikuweza kumaliza hata sura moja.

Nilichokuwa nasoma, tena kutwa kucha, ni habari za kwenye simu. Aliyewahi kupita kwenye hofu kubwa anaijua hamu hiyo: unadhani habari moja zaidi ndiyo itakayokupa uhakika, kumbe inakupa jambo jipya la kuhofia. Baadaye nilikuja kusoma kuhusu uchunguzi uliofanywa Marekani baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Aprili 2013. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka uliofuata, yalionyesha kwamba waliofuatilia habari za mabomu hayo kwa saa 6 au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo wa mawazo kuliko hata watu waliokuwepo eneo la tukio au karibu nalo. Najua uchunguzi wa namna hiyo hausemi kwa uhakika kipi kimesababisha kipi, maana huenda mwenye hofu nyingi ndiye anayetafuta habari nyingi. Lakini mimi nilijiona humo. Hofu ilinipeleka kwenye simu, simu ikanirudisha kwenye hofu, na katikati hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

Kwa nini kitabu kinashindwa kuingia wakati kama huo? Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, na kusoma kunaitaka nafasi hiyo yote. Lazima ushike mwanzo wa sentensi hadi ufike mwisho wake, umkumbuke mhusika aliyetajwa kurasa kadhaa nyuma, na uanze kubashiri kinachokuja. Wasiwasi nao unaishi humo humo. Itakuwaje akizidiwa usiku? Itakuwaje kodi ikifika na kazi haijarudi? Maswali hayo hayasubiri zamu. Kwa hiyo mtu anayekwambia "siwezi kusoma" akiwa kwenye kipindi kibaya, usimwone mvivu. Nafasi imejaa.

Kilichoanza kupenya kwangu ni maandishi niliyokuwa nimeshayajua. Nilichukua hadithi niliyoipenda nikiwa mdogo, ambayo mwisho wake naujua, na nikaona macho yanatulia kidogo. Hakukuwa na kitu cha kunishtua. Kila aliyekuwa hatarini nilijua atatoka salama, na aliyekuwa afe nilishamlilia zamani. Watu wengine hudharau kurudia vitabu, wakisema ni kupoteza muda ilhali kuna vipya vingi. Mimi naona kitabu unachokijua kina kazi ambayo kipya hakiwezi kuifanya.

Baada ya hapo nikashika tenzi. Utenzi una mpangilio unaomfaa sana mtu mwenye wasiwasi: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani 8, vipande vitatu vya mwanzo vinalingana vina, na kina cha kipande cha nne kinabaki kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sikio linajua linakoelekea. Hata ukipotea katikati, unajua utarudi mahali fulani.

Mojawapo ya nilizozirudia ni Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Zamani niliusoma kwa ajili ya mtihani tu. Safari hii nilisimama kwenye jambo ambalo wakati ule lilinipita: mama huyu, Mwana Kupona, aliutunga akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Baadhi ya mausia yake kuhusu mke na mume sikubaliani nayo, na nadhani wasomaji wengi wa leo hawakubaliani nayo. Lakini mtu anaumwa, hana uhakika kama ataamka, na nguvu alizobakiwa nazo anazitumia kupanga mizani nane nane ili mwanawe abaki na maneno ya kumshika. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Maandishi yale hayakuwa ya kujiliwaza mwenyewe. Yalikuwa na mtu wa kuyapokea.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu.

Shangazi alifundisha darasa la kwanza miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Uzeeni alipata presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Ugonjwa huu huharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida huanza kula pembezoni mwa uwezo wa kuona, taratibu, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Ilipofika 2020 hakuweza tena kusoma maandishi ya kitabu. Alikuwa na jirani anayekuja kumsomea, lakini watu walipoambiwa wakae mbalimbali, jirani akaacha kuja. Mwanamke aliyeishi na vitabu maisha yake yote akabaki na redio, na redio nayo ilikuwa na habari zilezile.

Jioni moja alinipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umelala usiku?"

"Kidogo."

"Unasoma nini siku hizi?"

"Hakuna kinachoingia, shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Basi nisomee mimi. Kikiingia kwangu kinatosha."

Tulianza jioni ileile. Niliweka simu mezani, nikawasha spika, nikafungua kitabu chini ya taa na kidole changu kikafuata mstari kama alivyonifundisha nikiwa mtoto. Nilisoma haraka, kwa pupa, kama mtu anayetaka kumaliza kazi. Sikumaliza aya.

"Hapo pana mkato, mwanangu. Pumua."

Alikuwa hauoni ukurasa, lakini mkato aliusikia kwa jinsi sentensi ilivyojengwa. Nikarudi nyuma, nikasoma, nikapumua kwenye mkato. Akasema, "Sasa endelea." Siku zilizofuata alinirudisha hivyo mara nyingi, kwa sauti ileile ya darasani, bila ukali. Kwenye nukta alitaka nitulie kabisa kabla ya kuendelea. Kwenye mazungumzo ya wahusika alitaka ajue nani anasema bila mimi kumtaja.

Nimefikiria sana kwa nini jambo dogo kama lile lilinisaidia kuliko mengine yote. Sehemu moja ni ya mwili. Mwenye hofu hupumua juu juu na haraka, kifuani, na upumuaji huo wenyewe unaufanya mwili uendelee kuamini kuna hatari. Ukisoma kwa sauti huwezi kupumua hivyo. Neno hutoka pamoja na pumzi inayotoka, kwa hiyo sentensi ndefu inakulazimisha uitoe pumzi polepole, kisha mkato au nukta inakupa nafasi ya kuvuta nyingine. Na mapigo ya moyo hupungua kasi pale unapotoa pumzi. Wafundishao mazoezi ya kutuliza wasiwasi husisitiza hilohilo: toa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Mimi nilikuwa nafanya zoezi hilo kwa muda wa sura nzima bila kuhesabu chochote, kwa sababu mwandishi alishaniwekea mikato.

Sehemu ya pili ni kwamba alikuwepo mtu anayesikiliza. Nikisoma peke yangu, mawazo yakitoka nje hakuna anayejua. Kwa shangazi haikuwezekana. Angeuliza, "Yule kijana ameshaifungua barua, au bado anaizungusha mkononi?" na mimi nilipaswa kujua. Swali lake lilinirudisha ndani ya hadithi, na kwa kuwa nilitaka kumjibu vizuri, nikaanza kushika tena wahusika, majina yao, nani anamdai nani. Ile nafasi iliyokuwa imejaa maswali ya usiku ikaanza kupata wapangaji wengine.

Halafu kuna hili, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika kipindi kile nilijiona sina faida kwa yeyote. Ndugu yangu yuko wodini, siwezi hata kumshika mkono. Kazi haipo. Kila tangazo linaniambia nikae ndani nisimwambukize mtu. Yaani jema pekee ninaloweza kufanya ni kutokufanya kitu. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja ambaye jioni yake ilinitegemea. Alikuwa anaoga, anajiandaa, anaweka kiti karibu na simu. Nilikijua hicho kiti kwa sababu nilikisikia kikiburutwa kila nilipopiga.

Siku moja tulipigiwa kutoka wodini kwamba hali ya ndugu yangu imebadilika. Nilimpigia shangazi kumwambia leo sitasoma. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema pole, kisha akasema, "Soma ukurasa mmoja tu mwanangu, halafu tutanyamaza pamoja." Nilisoma. Sauti ilikuwa inakatika. Tulipomaliza ukurasa hatukukata simu. Nilimsikia akipumua upande wa pili, naye bila shaka alinisikia. Ndugu yangu alipona baadaye, akatoka akiwa dhaifu, na leo yuko mzima. Lakini siku ile hatukujua hivyo.

Nataka niseme pia jambo kuhusu uchaguzi wa cha kusoma, maana hapa wenye nia njema wengi huharibu. Tulipomaliza kitabu cha kwanza nilimpendekezea kitabu cha mawaidha kuhusu subira, nikidhani ndicho kinachofaa nyakati zile. Shangazi akasema subira anayo ya kutosha. Alitaka hadithi ya upelelezi, yenye mauaji, na mshukiwa zaidi ya mmoja. Tukasoma upelelezi. Alikuwa ananitajia muuaji kila sura, na kila sura ni mtu mwingine. Mtu aliye kwenye shida hahitaji kila anachopewa kimkumbushe shida yake. Mwulize anataka nini, kisha mpe hicho. Kumchagulia ni kumwondolea kitu kimojawapo kati ya vichache ambavyo bado ana uamuzi navyo.

Kuhusu raha ya kutoa, wapo waliojaribu kuipima. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha kazi ya mwanasaikolojia Elizabeth Dunn na wenzake. Katika jaribio mojawapo, washiriki walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao na wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine kabla ya jioni. Waliozitumia kwa ajili ya wengine waliripoti furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo siubebeshi mzigo mkubwa. Ninaupenda kwa hiyo sehemu ya mwisho: dola 5 zilifanya kazi sawa na dola 20. Ukurasa mmoja kwa simu nao ni kitu kidogo.

Shangazi ndiye aliyenisukuma kwenda mbele zaidi. Alikuwa na marafiki aliowajua kliniki ya macho, wengine hawaoni kabisa, na hawakuwa na wa kuwasomea. Watetezi wa haki za wasioona wameipa hali hiyo jina: njaa ya vitabu. Sehemu kubwa ya vitabu vinavyochapishwa duniani haipatikani kwa breli, kwa sauti wala kwa maandishi makubwa. Ndiyo sababu ya Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016. Nchi zinazojiunga nao zinatakiwa kuweka kwenye sheria zao ruhusa ya kutengeneza nakala za vitabu zinazoweza kutumiwa na wasioona bila kumwomba mwenye hakimiliki. Hiyo haina maana kwamba yeyote anaweza kurekodi kitabu chochote na kukisambaza. Ruhusa ni kwa ajili ya walengwa na taasisi zinazowahudumia. Ukitaka kuwarekodia watu wote, njia iliyo wazi ni vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha.

Wapo wanaofanya hivyo kwa kujitolea. LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, hukusanya usomaji wa watu wa kawaida wa vitabu visivyo tena na hakimiliki na kuutoa bure. Hakuna anayekuuliza kama una sauti ya mtangazaji. Nami nilipoanza kuwarekodia, nilijifunza mambo ambayo sikuyafikiria: kwamba jokofu la chumba cha pili linasikika kwenye kipaza sauti, kwamba chumba chenye nguo na mablanketi hakina mwangwi, kwamba ukikosea neno usianze sura upya bali nyamaza kidogo, rudia sentensi, kisha kata kosa baadaye. Ukishamaliza, mtu mwingine aliyejitolea hulinganisha sauti yako na kitabu na kukuandikia: dakika fulani umeruka neno. Sijawahi kuonana na waliosikiliza kazi yangu hivyo, lakini nawashukuru kwa umakini wao.

Kwa siku ambazo koo limechoka au nyumba ina kelele, kuna kazi nyingine ya kimyakimya. Tangu mwaka 2000 kumekuwa na Distributed Proofreaders, mahali mtandaoni ambapo watu husahihisha vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ili viingie kwenye maktaba ya bure ya Project Gutenberg. Unaona picha ya ukurasa, na kando yake maandishi yaliyosomwa na kompyuta. Kompyuta hukosea: inaona herufi r na n zilizokaribiana na kuandika m, inachanganya herufi l na tarakimu 1. Kazi yako ni kulinganisha, kusahihisha, kuhifadhi. Ukurasa mmoja unasimama peke yake, na wengine wataupitia tena baada yako. Usiku usingizi ukikataa, nimeona hii inafaa kuliko kusoma riwaya, kwa sababu haidai ukumbuke kisa. Inadai uone herufi iliyo mbele yako, kisha ile inayofuata.

Sitaki mtu asome haya akadhani nasema kitabu ni dawa ya kila kitu. Jioni zangu na shangazi zilinipa saa fulani ya utulivu. Usiku ulikuwa bado mrefu, na kuna kipindi nilimwendea mshauri nasaha, nikafaidika sana. Wasiwasi ukidumu wiki baada ya wiki, ukakukatia usingizi na hamu ya kula, au mawazo ya kujidhuru yakaja, mwone daktari au mshauri bila kusubiri, na vitabu viendelee pembeni. Kujitolea nako kuna hatari yake. Nimewaona watu wanaokimbilia kuhudumia wengine ili wasikae na hofu yao hata kidogo, wanajibebesha mpaka wanaanguka. Shangazi alikuwa na saa yake ya kumaliza. Ikifika, hata kama mpelelezi ameshika kitasa cha mlango, alisema asante mwanangu, kesho. Nilipata kuona hekima ya hilo baadaye: mpaka ule ulitulinda wote wawili, na ulifanya kesho iwe na kitu cha kungojewa.

Kama unapenda kuanza, anza na mtu mmoja unayemjua. Inaweza kuwa mzee ambaye macho yamefifia, mgonjwa asiyeweza kushika kitabu, mtoto ambaye mzazi wake yuko kazini hadi usiku. Mwulize kama angependa kusomewa na angependa nini, akikataa, usimsukume. Kubalianeni muda mfupi, dakika kumi na tano zinatosha, na saa isiyobadilika. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, maana anayesikiliza hana uwezo wa kurudisha macho nyuma. Akisinzia, endelea hadi mwisho wa aya kabla ya kunyamaza, kwa sababu sauti ikikatika ghafla humshtua. Weka alama mahali ambapo unakumbuka alikuwa bado macho, na kesho yake anzeni hapo.